Kujisalimisha kwa Mayi Safi

Kwa furaha kubwa Utawala ulitangaza kwamba kuanzia Jumatatu ile maji yote ya Fizi, yanayotembea na yaliyosimama, yamewekwa chini ya Idara ya Utulivu wa Maji, na kwamba hakuna mto utakaoruhusiwa kufurika, kukauka wala kubadilika rangi bila kibali. Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti sokoni Baraka. Wauza dagaa walipiga makofi, kwa kuwa askari waliosimama nyuma yao walikuwa wameanza kupiga makofi.

Ilikuwa ile miaka ya vita ambayo nchi ilikuwa na serikali nyingi kuliko barabara. Kila aliyeshika kilima alikuwa na mawaziri wake. Utawala ulioshika Baraka msimu huo ulitambua kwamba wananchi wataupenda tu wakiuona unafanya kazi, na kazi pekee ambayo haikuwa na mwenyewe ilikuwa maji. Basi akateuliwa Mkuu wa Idara, Bwana Fabien Etungano, mtu wa makamo mwenye suti ya kahawia na shingo iliyozoea kuitikia. Kabla ya hapo alikuwa Idara ya Barabara, iliyovunjwa kwa heshima zote baada ya kugundulika kwamba haikuwa na mahali pa kupita.

Fabien alikabidhiwa chumba, meza, na phonie, yaani ile redio ya kuzungumza na mbali kwa betri ya gari, pamoja na fundi wake, Alphonse, kijana mpole ambaye kazi yake ilikuwa kupiga kelele. Makao makuu yalimwambia Fabien wazi: idara isiyo na mafanikio hufungwa, na mkuu wake hupewa kazi Misisi, kwenye dhahabu, ambako hata wenye bunduki huenda wakiwa wamesali. Fabien alihitaji mafanikio haraka.

Mungu si Athumani, tukio likaja. Mto Namukila, unaoteremka kutoka milima ya Bibokoboko hadi ziwani, uliripotiwa kubadilika rangi. Tangu watu wakumbuke, Namukila ulikuwa mweusi na wenye povu. Sasa ulikuwa unaonyesha mawe ya chini. Hakuna aliyeomba kibali.

Fabien alivaa suti, akapanda kwa miguu kufuata mto, akifanya uchunguzi. Alipita kambi ya askari, ambapo choo cha kikosi kilikuwa mbao mbili zilizotandikwa juu ya maji, kitu alichokiita katika taarifa zake "uwepo wa jeshi katika sekta ya mito". Hakuona kasoro yoyote hapo. Mbele kidogo, kijijini, akamkuta mama mmoja mnene ameinama juu ya shimo, mikono imezama hadi kwenye viwiko, harufu ya mihogo iliyovunda imemzunguka pande zote.

"Mama, habari. Mimi ni Utulivu wa Maji."

"Karibu, Bwana Utulivu," mama akasema bila kunyanyuka. "Mi ni Georgette."

"Nani amesafisha huu mto?"

"Ni siye."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Georgette akanyanyuka. Akafuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kama mtu anayejiandaa kugombana na hataki kuchafua ugomvi. "Ruhusa? Kwani wakati ulikuwa muchafu, ulikuwaka na ruhusa ya nani?"

Fabien akaandika kwamba mhojiwa ameonyesha ushirikiano.

Mambo yalikuwa hivi. Muhogo wa huku ni mchungu, una sumu, na hauliwi mpaka ulowekwe siku kadhaa ulainike. Vijiji vyote vya Namukila vililoweka mihogo yao humo humo mtoni, na maji yakateremka meusi kwa jirani, naye jirani akaongeza ya kwake akayasukuma kwa mwingine. Huko juu Bibokoboko ng'ombe walisimama katikati ya mto, wakanywa kwa mbele na kulipa kwa nyuma. Wa chini kabisa walikuwa wakinywa habari za kila mtu.

"Musimu wa mvua wenye ulipita, batoto ba hapa balianza kuharisha," Georgette akasema. "Bamoja balipona. Mujukuu wangu Tania, yeye hakupona. Alikuwa anajua kuimba mpaka bimbo bya kanisa bya Kilatini, na miaka mine tu. Mi mwenyewe nilikuwa namupa mayi. Na hii mukono."

Akauangalia ule mkono, mweupe kwa unga wa mihogo. Fabien akavua kofia. Alitafuta neno la kiofisi la kusema hapo na hakulipata, akaifunika kalamu. Kisha akavaa kofia tena, kwa kuwa jua lilikuwa kali.

Baada ya mazishi, Georgette alipanda Bibokoboko peke yake, katikati ya vita, siku ambazo watu wa bonde na watu wa mlimani walikuwa wakisalimiana kwa risasi. Alikwenda kuwatukana wenye ng'ombe. Akampata Éliezer, mzee mrefu wa kofia pana, mchungaji wa ng'ombe wiki nzima na mwalimu wa kwaya Jumapili. Akamtukana kuanzia mtoni mpaka zizini. Éliezer akasikiliza mpaka mwisho, akampa maziwa, kisha akamjibu kwamba kila kiangazi ng'ombe wake wakishuka bondeni hunywa maji ya mihogo na kufa miguu ikiwa juu, na yeye alikuwa bado hajapata nguvu ya kushuka kutukana.

"Tuligombana mpaka tukasikia njaa," Éliezer akaeleza. Alikuwa amekaa kando, akisuka uzio wa matete. "Nikamwambia, mama, we toa mihogo yako mu mayi, na mi natoa ngombe zangu. Akasema, anza weye. Nikasema, hapana, anza weye. Basi tukaanza siku moja."

Kuanzia hapo wakulima wote wa mto walichimba mashimo ya kulowekea mihogo mbali na ukingo, wakayatandika majani ya migomba. Maji machungu yaliyobaki waliyamwaga kwenye njia za siafu, ambao hawakuleta malalamiko. Ng'ombe wakawekewa mahali pao pa kunywea, pamezungushiwa uzio, na mavi yao yakashushwa kwa vikapu kwenye mashamba ya bonde, ambako mahindi yaliyapokea vizuri kuliko mto ulivyowahi kuyapokea. Watu wa bonde na wa mlimani walilinda ukingo kwa zamu, wawili wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Mwanzoni walilinda pia wasipeane mgongo. Siku hizi walikuwa wakipeana ugoro.

"Na hiki chama kinaitwaje?" Fabien akauliza.

"Mayi Safi," Georgette akasema.

Fabien akarudi ofisini mbio. Alikuwa amepata mafanikio yaliyokwisha kufanywa, na mafanikio ya namna hiyo ndiyo matamu kuliko yote. Akamwambia Alphonse awashe phonie.

Hapa inafaa kukumbusha jambo ambalo kila mtu wa Fizi analijua. Kwa Kiswahili cha huku mayi ni maji, basi. Lakini Mayi-Mayi ni wapiganaji wa porini, na hao ndio waliokuwa wakiunyima Utawala usingizi. Phonie nayo ilikuwa na tabia ya kumeza nusu ya kila sentensi.

"Makao makuu, hapa Baraka!" Alphonse akapiga kelele mpaka mbuzi wa jirani akajibu. "Tunawaambia juu ya Mayi Safi! Mayi Safi! Kwako!"

Phonie ikakoroma. Kisha ikasikika sauti nzito ya kanali, mkuu wa operesheni. "Mayi gani?"

"Safi, mukubwa! Bako huku ku mto Namukila, mugini kwa mugini, bijiji byote! Kwako!"

"Ni kundi jipya?"

Alphonse akamtazama Fabien. Fabien akaitikia. Kweli lilikuwa kundi jipya.

"Ndiyo, mukubwa! Bamechimba mashimo mto yote!"

"Mahandaki!" sauti ikasema, ikimwambia mtu mwingine. "Wamechimba mahandaki. Na watu wa mlimani?"

"Bameungana nabo!"

"Wameungana?" Sauti ilipanda. "Bonde na mlima? Silaha zao?"

"Majembe na mapanga! Banalinda zamu muchana na usiku!"

"Mkuu wao?"

"Mama Georgette! Na mwingine ni muchungaji!"

"Wana mpaka mchungaji wa kuwaombea," kanali akasema, safari hii kwa sauti ya mtu aliyekaa chini. "Basi hawa wamejipanga."

Ni hapo Fabien alipoona kosa. Aliliona vizuri kabisa, akalitazama kama mtu anavyomtazama kuku wa jirani aliyeingia mwenyewe jikoni kwake. Angeweza kusema neno moja tu, na kuku angetoka. Lakini kanali alikuwa ameshaendelea. Etungano amefanya kazi kubwa ya upelelezi. Etungano afungue mazungumzo mara moja. Mayi Safi wakikubali kujisalimisha kwa amani, Etungano atakuwa kielelezo cha taifa. Wakikataa, kikosi kitapanda na kuyafukia mahandaki yote.

"Tumekupata, kwako," Fabien akasema mwenyewe, kwa unyenyekevu.

Jioni hiyo hiyo redio ya Utawala ikatangaza kwamba kundi kali la Mayi Safi, lenye ngome zisizopenyeka kandokando ya Namukila, limesalimu amri baada ya kushindwa vibaya. Tarehe ya sherehe ilitajwa, na mataifa yote ya dunia yalikaribishwa.

Kesho yake Fabien akapanda tena. Safari hii mto ulionekana mrefu zaidi.

"Kujisalimisha?" Georgette akauliza. "Siye? Tumemupiga nani?"

"Ni neno la kiutawala, mama. Mnakabidhi majembe, mnapiga saluti kidogo, basi."

"Halafu tutalima na meno?" Éliezer akauliza kwa upole.

Fabien akajikuna shingo. Alikuwa amejiandaa kusema maneno matamu, ila harufu ya mashimo ilimrudishia ule mkono mweupe. "Msipokubali, watakuja kufukia mashimo," akasema. "Mtarudi kuloweka mtoni. Nisameheni. Nilikuwa naweza kuwarekebisha makao makuu, nikanyamaza."

Watu wakaanza kunung'unika. Mwanamke mmoja akaita jina la mtoto wake na kuanza kulia. Georgette hakulia. Alimtazama Fabien kwa muda, jinsi mtu anavyotazama panya aliyetumbukia kwenye unga, akipiga hesabu ya kuokoa unga.

"Bale bengine benye banajisalimisha," akasema mwishowe, "banaombaka kitu?"

"Ah, kila kundi hutoa masharti. Vyeo, magari, sigara. Bila masharti sherehe haina uzito."

"Na Utawala banakubali?"

"Redio ikishatangaza, mama, hawana namna. Wakubwa wameshapeana hongera."

Georgette akamgeukia Éliezer. Éliezer akavua kofia pana, akaivaa tena.

"Basi siye tuko kundi," Georgette akasema. "Kali sana."

Siku ya sherehe kanali alifika kwa jipu, na mwandishi wa redio aliyebeba kinasa sauti kama mtoto mchanga. Alikuta jeshi limejipanga ukingoni. Safu ya mbele ilikuwa ya bamama waliovaa vitenge vya sikukuu, jembe begani. Nyuma yao wazee wa Bibokoboko na fimbo zao na ng'ombe wao. Ng'ombe mmoja alikuwa amechelewa, akapitishwa na kusimama na wenzake. Kanali alilikagua jeshi hilo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila hatua uso wake uliongezeka urefu. Akachungulia kwenye handaki la kwanza. Mihogo ikamchungulia yeye.

"Etungano," akanong'ona huku akitabasamu kwa ajili ya kinasa sauti, "hawa ni wakulima."

"Ndiyo, mon colonel."

"Mayi Safi ni maji safi."

"Kwa maana ya kawaida ya neno, ndiyo, mon colonel."

"Unajua nimeshapongezwa? Unajua jenerali amenipigia mwenyewe?"

"Ndiyo maana nikaona si vizuri kuwarudisha nyuma."

Kanali akageuka rangi, naye bila kibali. Lakini mwandishi alikuwa amekaribia, na kanali alikuwa mwanajeshi. Akapanua kifua. Akatangaza kwamba leo historia imeandikwa, na kwamba yuko tayari kupokea masharti ya hawa ndugu zetu waliopotea.

Éliezer akayasoma kwa sauti ya kwaya, akiyavuta mwishoni. Kwanza, mashimo ya Mayi Safi yasiguswe na mtu. Pili, choo cha kambi kiondolewe juu ya mto na kichimbwe mbali, kwa kina cha heshima. Tatu, atakayetia uchafu katika Namukila, awe raia, ng'ombe au mwenye cheo, atakuwa amevunja usitishaji mapigano, na adhabu yake ni kubeba maji safi kwa mikono yake mwenyewe mpaka kwenye nyumba za juu za kijiji.

Kanali alisubiri sigara na magari. Hayakuja.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Afande," Georgette akasema. "Siye hatuko bagumu."

Kanali akasaini juu ya mgongo wa Fabien, kwa kuwa meza ilikuwa imesahauliwa Baraka. Kisha akaamuru silaha zikabidhiwe. Bamama wakapita mmoja mmoja, wakatupa majembe kwenye lundo, na kila jembe lilipoanguka mwandishi akaisogeza mashine yake karibu, maana mlio ulikuwa mzuri sana kwa redio. Lundo lilipokamilika, Georgette akanyoosha kidole.

"Sasa Afande, ile choo bale baaskari batachimba na nini? Na bunduki?"

Askari walitazamana. Amri ikatoka, kwa sauti ya chini. Silaha zilizokamatwa zikagawiwa kwa jeshi la Utawala, na jeshi likateremka kambini na majembe begani, likisindikizwa na Mayi Safi waliowaonyesha jinsi ya kushika mpini. Wanasema kabla ya jua kuwa kali, shimo lilikuwa limeshafika kiunoni. Kwa jumla ulikuwa ushindi wa kihistoria, kama ilivyotangazwa.

Mambo yangeishia hapo kama si dereva wa kanali. Wakati mkubwa wake akila kuku wa maafikiano, dereva aliona jipu lina matope ya barabara yote ya Mboko, akafanya alichofanya maisha yake yote. Akaliingiza mtoni. Lilisimama katikati ya Namukila, milango wazi, povu la sabuni likiteremka, na chini yake utando wa mafuta ukitanuka wenye rangi za upinde wa mvua.

Georgette akapiga sufuria kwa mwiko.

"Vita!" akapaza sauti. "Bamevunja! Bamevunja usitishaji mapigano!"

Mwandishi akaja mbio, kinasa sauti kikiwaka. Kanali akatoka na paja la kuku mkononi, akatazama jipu, akatazama wanawake waliokuwa wamezunguka ukingo, akatazama kile kitaa chekundu cha mashine. Askari wake wote walikuwa ndani ya shimo la choo.

"Dereva atabeba," akasema.

"Gari ni ya nani?" Georgette akauliza.

Kanali akamgeukia Fabien. "Etungano. Wewe ndiye Utulivu wa Maji. Waeleweshe hawa watu kwamba mapatano ni kitu cha mfano."

Fabien alifungua mdomo kuitikia. Shingo yenyewe ilikuwa imeshaanza kuinama, kwa mazoea. Lakini macho yake yalikuwa juu ya ule utando wa mafuta, na aliufuata ukizunguka jiwe, ukipita penye kona, ukishika njia ya Baraka bila haraka yoyote. Huko Immaculée, mke wake, huteka maji kila mchana.

"Maandishi yanasema mwenye cheo, mon colonel," akasema.

"Etungano! Uko upande gani wewe?"

"Upande wa chini, mkubwa," Fabien akasema. "Niko nakunywa yale yale."

Kinasa sauti kiliendelea kuzunguka. Éliezer, kwa adabu zote za kumpokea mgeni, akamletea kanali bidoni la njano, yaani dumu la kutekea maji, akampokea paja la kuku kwa mikono miwili. Kanali akashuka mtoni na buti zake zilizong'arishwa, akalizamisha bidoni pale pale alipofikia, akalitoa limejaa, akalipandisha kwenye mteremko huku mgongo ukilalamika. Bamama wakampisha kwa heshima, wakimwambia pole, Afande, pole sana, kazi ni kazi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Georgette. Alilipokea bidoni mlangoni, akalifungua, akalinusa. Akamwonyesha kanali ile rangi rangi iliyokuwa ikielea juu.

"Hii umeteka chini ya gari yako," akasema. "Hapa hatumupe mutoto mayi ya hivi tena. Rudi, teka ku juu."

Kanali akarudi.